12/9, Ndau

Shangazi yangu hapendi kukumbushwa. Ni fundi wa hina hapa kisiwani Amu, amepaka mabi harusi tangu kabla sijazaliwa, na kwake yeye mtu akishakuja, akakaa mkekani, akanywa kahawa na kutaja siku, basi yamekwisha. Kumpigia simu baadaye na kumwuliza, "Fundi, hujasahau?" ni kama kumwambia humwamini. Watu wanalijua hilo na hawampigii. Siku ikifika wanamtazamia atokee mlangoni na kikapu chake, na kama ni kisiwa cha mbali wanamletea boti asubuhi imchukue.

Sasa ajabu ni hii. Mimi, ambaye nikiulizwa swali darasani hujibu kwa sauti ndogo hadi mwalimu anauliza nani amekohoa, ndiye niliyemtengenezea shangazi mtambo wa kumkumbusha. Na mtambo huo nusura umwache bi harusi wa Ndau na viganja vitupu.

Niko kidato cha tatu. Likizo zote nakaa kwa shangazi, maana nyumbani kwetu watu ni wengi na mimi napenda kona. Shuleni niko kwenye chama cha kompyuta. Nilijiunga kwa sababu pale mtu anaweza kukaa saa nzima bila kusema neno na asiulizwe ana nini. Muhula wa tatu mwalimu alitufundisha kuunganisha programu moja na nyingine. Unaandika mstari kwenye spredishiti, wenyewe unakwenda kwenye kalenda ya simu, na siku mbili kabla ya tarehe uliyoandika ujumbe unatoka bila mkono wa mtu. Kwenye mtihani twaandika lahajedwali badala ya spredishiti, lakini sijamsikia mtu akilitamka neno hilo nje ya mtihani.

Nilipoona hivyo nilimfikiria shangazi na daftari lake.

Daftari lenyewe lilikuwa la jalada jekundu, limeingia mafuta ya karafuu hadi kurasa zinaonyesha upande wa pili. Kila kazi ilikuwa mstari mmoja: tarehe, mahali, namba ya simu. 18/12 Langoni. 11/12 Kililana. 12/9 Ndau. Hakuna mwaka, hakuna jina. Majina anayo kichwani.

Siku za mwanzo za likizo nilikaa juu na laptopu ya zamani aliyoniachia binti yake, nikayanakili yote. Nilipomweleza, shangazi aliniangalia kama mtu anayeuziwa samaki wa jana.

"Yaani simu yangu iniambie kazi yangu?"

"Na iwaambie wenye harusi pia. Siku mbili kabla."

"Niwakumbushe harusi yao? Watanicheka."

"Si wewe utakayewakumbusha, shangazi. Ni mtambo."

Akacheka yeye. Lakini ujumbe wa kwanza ulipotoka, na mama mmoja wa mtaani kwetu akampigia kumsifu kuwa ameingia dunia mpya, nilimwona akijipangusa uso kwa leso ili nisimwone anavyofurahi. Baada ya wiki mbili alikuwa akiwaonyesha wageni simu yake. Mtu akiuliza kuhusu siku, alisema, "Muulizeni mwanangu huyu," na mimi nikatafuta pa kujificha. Daftari hakulifungua tena. Lilihamia kwangu, chini ya mto.

Ndau ilikuwa kati ya kazi zile. Hiyo naikumbuka, kwa sababu nilikuwepo walipokuja kuiweka, likizo ya Agosti. Alikuja mama na binti yake, wamekaa kwenye boti tangu alfajiri, nguo zina chumvi. Nilipeleka kahawa. Mama yule akaniuliza nasoma wapi. Nikasema, "Vizuri." Nilipogundua nimejibu swali ambalo hakuuliza nilikimbilia jikoni nikakaa huko nikihesabu vijiko hadi waliposhuka ngazi. Ningestahimili dakika tano tu ningesikia tarehe kwa masikio yangu. Nilichosikia ni sauti ya mama yule ikipenya pazia:

"Wewe ndiwe uliyenipaka mimi, fundi. Huyu ni binti yangu wa kwanza. Simtaki mwingine amshike mkono."

Na shangazi: "Nitakuja, inshallah. Ua lile lile."

Basi Novemba nilipokuwa nanakili, mtambo ulinigomea mara kadhaa. Nikiandika 18/12, haukwenda kokote, ulikaa tu na alama nyekundu. Nikiandika 11/12 ulikubali. Sikujiuliza kwa nini. Ile iliyogoma niliiandika upya kwa maneno, 18 Desemba, ikakubali, nikajiona hodari. Kisha nikamsomea shangazi orodha ya kazi za mbali tu, za mjini alisema anazo kichwani, kama mtangazaji wa redio, maana mbele yake peke yake sioni haya. Nilipofika Ndau nilisoma kilichoandikwa kwenye kalenda ya simu: Desemba tisa.

Alikuwa anajipaka mafuta mguuni. "Desemba tisa? Haya. Basi mwanzo wa mwezi pana nafasi, nende Mombasa nikamwone mjukuu."

Binti yake alikuwa amejifungua. Tiketi ya basi ikakatwa ya tarehe tatu, asubuhi.

*

Tarehe mbili Desemba, baada ya adhuhuri, ukumbi wa shangazi ulikuwa umejaa. Bi harusi wa jirani alikuwa amelala juu ya mito, miguu imekunjuliwa, mkono wa kushoto umemalizika na wa kulia uko kwenye goti la shangazi. Mama yake na mashoga zake wawili walikuwa wameshapakwa na sasa wamekaa na viganja juu, hina mbichi, hawawezi kujikuna hata pua. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu na laptopu, kazi yangu ikiwa kuwapepea na kuwalisha halua kwa kijiko. Begi la safari ya Mombasa lilikuwa limesimama karibu na mlango.

Simu ya shangazi ikalia. Nikaiweka sauti ya nje na kuisogeza karibu naye.

"Fundi! Assalamu alaikum."

"Wa alaikum salaam. Habari za kwako?"

"Habari wanipe wewe. Nimepata ujumbe kwamba kesho kutwa waja kumpaka mwanangu hina."

"Mimi?"

"Wewe, fundi! Namba ni yako. Mahari hayajaletwa! Mume yuko Arabuni hadi baada ya Ramadhani! Kesho kutwa namwoza nani?"

Mashoga wa bi harusi wakaanza kutikisika. Mmoja akainua viganja vyake juu ili asijiharibu kwa kicheko.

"Na baba yake ameusoma," mama yule akaendelea. "Amevaa kanzu, ametoka, anazunguka mji kuuliza ni jambo gani ambalo yeye hakuambiwa."

"Mwambie arudi," shangazi akasema. "Harusi yako ni Aprili, kumi na mbili, naikumbuka kama jina langu. Ni mashini imekosea."

"Mashini gani?"

Shangazi hakuinua koni ya hina kutoka mkono wa bi harusi. Alinitupia jicho moja tu. "Ninayo moja hapa, imekaa kwenye kona."

Walicheka hadi bi harusi akaambiwa atulie au atapata mjusi badala ya ua. Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Nilikimbia juu nikalichukua daftari chini ya mto, nikafungua spredishiti nikautafuta mstari ule. Kwenye daftari ilikuwa 12/4. Kwenye spredishiti ilikuwa tarehe nne, mwezi wa kumi na mbili.

Mwalimu wetu wa kompyuta ni mtu wa bara na alikuwa amekwenda kwao kwa likizo. Kumpigia nisingeweza, lakini kuandika naweza kuandika hata kwa rais. Nikamtumia picha ya ukurasa wa daftari na ya spredishiti. Baada ya dakika chache akanijibu kwa sauti, kuku wakilia nyuma yake.

"Sasa wewe, hiyo spredishiti yako inakaa kwa mipangilio ya Marekani. Hao huanza na mwezi halafu siku. Ukiandika kumi na mbili mkwaju nne, inasoma mwezi wa kumi na mbili, siku ya nne. Na ukiandika kumi na nane mkwaju kumi na mbili, inatafuta mwezi wa kumi na nane, haiupati, inagoma. Umeelewa? Hizo zinazogoma hazina shida, unaziona. Shida ni zile zilizonyamaza. Angalia: zilizogoma zinalala kushoto mwa kisanduku, kama maneno. Zilizolala kulia ndizo imezichukua kama tarehe. Zile za kulia, zikague moja moja."

Nikatazama. Za kushoto zilikuwa zimekwisha, nilizirekebisha mwenyewe kwa majivuno yangu. Za kulia zilikuwa zimejipanga safi kabisa, hazina neno. Na nyingi zilikuwa za uongo.

Akatuma sauti nyingine. "Na usibadilishe nchi ukadhani umemaliza. Zilizopinduka zitabaki zimepinduka. Badilisha nchi, halafu andika tarehe upya kutoka kwenye daftari. Weka na mwaka. Sawa? Kazi njema, nakula."

"Asema nini mwalimu?" shangazi akauliza.

"Asema spredishiti ilikuwa nchi nyingine."

"Nti gani?"

"Marekani."

"Subhanallah. Na mimi nimekaa hapa Amu nikiingojea."

Nikabadilisha nchi kuwa Kenya, nikalivuta daftari, nikaanza upya, mstari baada ya mstari. Nilikuwa nimeweka safu inayosema yenyewe, Inakuja au Imepita, kwa kulinganisha na tarehe ya leo. 11/12 Kililana: zamani ilikaa Novemba, sasa ikaenda Desemba. Inakuja. Bahati siku hiyo ya uongo ilikuwa imeshapita nilipoinakili, ujumbe haukutoka, la sivyo tungalisikia kelele za Kililana mwezi uliopita. 12/4, nikaandika na mwaka ujao. Inakuja. Nilikuwa naanza kufurahia. Kuna raha fulani kuona kitu kilichopinda kikinyooka mbele ya macho yako.

12/9 Ndau.

Imepita.

Nilikaa nikiitazama. Kumi na mbili Septemba. Kwa hesabu ilikuwa sawa: siku kwanza, kisha mwezi, kama daftari lote. Spredishiti imesema kazi imekwisha, kwa hiyo hakuna ujumbe, hakuna kalenda, imeondoka kwenye orodha ya kazi zijazo. Lakini Septemba shangazi aliteleza kwenye ngazi akafungwa bendeji, hakutoka nyumbani mwezi mzima. Ndau hakwenda. Na mtu akienda Ndau hurudi na samaki mkavu, na mimi ningemla.

Niliogopa kuuliza mbele ya watu. Hiyo ni kweli na naiandika. Nilikaa labda dakika kumi nikiwapepea wageni, nikijiambia kwamba huenda harusi iliahirishwa, huenda mama yule alimpata fundi mwingine. Kisha nikaona lile begi mlangoni.

"Shangazi," nikasema. "Ndau ulikwenda lini?"

"Sijenda bado. Si umenambia Desemba tisa?"

"Hiyo ilikuwa ya Marekani. Sasa inasema Septemba."

"Septemba ya wapi? Soma kilichoandikwa."

"Kumi na mbili, tisa, Ndau."

Koni ikasimama. Shangazi hasimamishi koni katikati ya mstari, hata umeme ukikatika. Aliisimamisha.

"Tisa ile ni Mfunguo Tisa, mwanangu. Watu wa Ndau hunitajia mfunguo. Na mimi huandika nilivyotajiwa."

Bara sijui wanahesabu vipi, lakini kwetu miezi ya Kiislamu huhesabiwa kuanzia pale tunapofungua baada ya Ramadhani. Wa kwanza ni Mfunguo Mosi, wa pili Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Nayajua hayo tangu nikiwa mdogo chuo cha Kurani, kabla hata ya kujua kuandika. Ila hayo niliyasoma nimekaa chini mkekani, na Januari na Februari nikazisoma kwenye dawati, na katika maisha yangu yote sikuwahi kufikiria kwamba yanaweza kukaa kwenye safu moja.

Kwa daftari la shangazi hakukuwa na tatizo. Yeye akiona Ndau anajua ni mfunguo, akiona Kililana anajua ni mwezi wa kawaida. Neno la mahali lilikuwa linamwambia kalenda. Lakini mimi nilikuwa nimemnyang'anya daftari.

"Leo ni Mfunguo Tisa ngapi?" nikauliza.

"Kumi na moja," akasema shangazi.

"Kumi," akasema mama yake bi harusi. "Ule usiku wa kwanza palikuwa na mawingu, hapakuonekana mwezi."

"Kwenu hapakuonekana. Kwetu tuliuona wazi," akadakia shoga mmoja. "Leo kumi na mbili."

"Wewe mato yako huona hata mwezi wa mwakani."

Kwa hiyo hina ya Ndau ilikuwa kesho, au kesho kutwa, au muda huu huu tuliokaa tukibishana. Na ikiwa ni kesho, boti yao itafika asubuhi na kukuta mlango umefungwa, fundi yuko kwenye basi njia ya Mombasa, na hina yenyewe haijalowekwa, maana hina nzuri hulowekwa jana yake ili rangi itoke. Shangazi alisema tu, polepole, "Nilimpaka mamake," na mimi nikatamani mkeka unimeze.

"Wapigie," akasema.

"Nani awapigie?"

Shangazi alikuwa na koni mkono mmoja na kiganja cha bi harusi mkono wa pili, mstari ukikauka. Bi harusi aliinua mkono wake wa kushoto. Mama yake akainua yake miwili. Mashoga wakainua yao, wakicheka tayari. Viganja saba vya hina mbichi viliningoja hewani, kama darasa zima linalotaka kujibu swali isipokuwa mimi.

"Nani ana mikono mikavu humu ndani?" shangazi akauliza, kana kwamba hajui.

Nikapiga. Moyo ulikuwa unagonga hadi nilidhani utasikika Ndau kabla ya sauti yangu.

"Hallo?"

Nikakohoa.

"Hallo, nani?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mtoto wa fundi."

"Hasikiki huyu. Mtoto wa nani?"

"Paza sauti!" shangazi akasema. "Ndau ni mbali!"

"Mtoto wa fundi!"

"Wa fundi wa mashini? Mwambie babako ile mashini bado yazima njiani! Jana imetuacha baharini na kuni zetu!"

Mashoga walikuwa wamelala chini. Mama yake bi harusi alikuwa anafuta machozi kwa bega. Na mimi, sijui nini kilinipata, labda ni kwa sababu hali ilikuwa imeshaharibika kiasi kwamba haiwezi kuharibika zaidi, nikasimama nikapiga ukelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"SI WA MASHINI! WA HINA! NAULIZA KUMI NA MBILI YENU NI LINI!"

Kisha sauti ya mama yule ikabadilika, ikawa ile ile ya nyuma ya pazia.

"Wa hina? Ya Rabbi. Kesho, mwanangu. Kumi na mbili ni kesho. Fundi yu mzima? Aja?"

"Anakuja."

"Alhamdulillahi! Hebu nikwambie. Boti yetu ndiyo hiyo nilokuwa nasema, mashini yake imekufa. Tumekaa tangu jana hatujui tufanyeje. Tukiona haya kumpigia, asije akadhani twamkumbusha."

Shangazi alisikia. Akakitikisa kichwa, lakini mdomo ulikuwa unatabasamu upande mmoja.

"Mwambie," akasema, "tutakuja na boti ya kwetu. Asubuhi, maji yakijaa."

Nikamwambia. Nikapiga ukelele tena, ingawa safari hii mtandao ulikuwa mzuri na haikuwa lazima.

*

Jioni hiyo tulichekecha hina kwa kitambaa cha melimeli, mimi nikishika ncha mbili na shangazi mbili, vumbi la kijani likitujaa kwenye nyusi. Tukakamua ndimu, tukatia sukari na mafuta, tukaifunika. Alimpigia binti yake Mombasa. "Mtoto mchanga hakui kwa wiki moja," akamwambia, "mwache anizoee kwa jina kwanza." Kwangu hakusema neno la kunilaumu. Nilingoja nikachoka. Mwishowe nikasema mwenyewe, "Nisamehe, shangazi."

"Nini? Mimi ndiye niliyeacha kufungua daftari langu." Akanipaka hina kidogo kwenye ncha ya pua. "Na wewe ndiwe uliyenyamaza dakika kumi. Nilikuona."

Ndau tulifika kesho yake alasiri, upepo wa mbele na mawimbi yamenitapisha mara mbili, jambo ambalo sikutaka kuliandika lakini nimesema nitaandika kweli. Mama wa bi harusi alikuwa anatungoja majini, kanga imepandishwa hadi magotini. Alimkumbatia shangazi kisha akanishika kidevu.

"Huyu ndiye aliyenipigia ukelele?"

"Ndiye."

"Mwezi wa nane alikuwa bubu."

Binti alikuwa tayari ameoga, amekaa kwenye ukumbi mdogo, nywele zimefunikwa. Ni mkubwa kwangu kwa miaka mitatu au minne tu. Alikuwa ametulia kama mimi ninavyotulia, na nilijua kuwa si utulivu. Nikakaa karibu naye na sahani ya pamba na maji ya ndimu, kazi yangu ya kulowesha hina isikauke haraka. Shangazi akaanza pale kwenye kifundo cha mkono, mstari mmoja mwembamba, kisha jani, kisha ua kubwa katikati ya kiganja lenye majani saba. Hakuangalia popote ili kulikumbuka. Mama yule alikuja akakaa, akanyoosha kiganja chake kilichochanika kwa kamba na maji ya chumvi, akakiweka kando ya kiganja cha binti yake, kana kwamba ua lake la zamani bado lipo na anataka tulinganishe. Tukalinganisha. Hakuna aliyesema halipo.

Binti aliniuliza kwa sauti ndogo kama na mimi nitapakwa. Nikasema ndiyo. Safari hii lilikuwa ndilo jibu la swali lililoulizwa.

*

Tuliporudi Amu niliivunja spredishiti nikaijenga upya. Safu ya kwanza sasa inaitwa Ilivyosemwa, na hapo naandika maneno kama yalivyo, na nimeifunga kabisa isigeuzwe kuwa tarehe: "12 Mfunguo Tisa, Ndau". Safu ya pili ni ya mtambo, mwaka mbele, kisha mwezi, kisha siku, ili hata ukikaa Marekani usipate pa kukosea. Kati ya hizo mbili kuna safu ya Kalenda, na lazima uchague moja kati ya mbili, la sivyo mstari haupokelewi. Ukichagua ya mfunguo, mtambo hautumi ujumbe kwa mtu yeyote isipokuwa mimi. Ujumbe wenyewe ni maneno mawili: Piga simu. Mwezi ukiandama kwenye mawingu hakuna programu inayojua, inabidi uwaulize wenyewe wameona nini. Nilipomtumia mwalimu picha alinijibu kwa kidole gumba na kuku mmoja.

Daftari limerudi kwa shangazi. Analifungua kila asubuhi na kulisoma kwa sauti, nami namsikiliza huku nikitazama skrini, na tukitofautiana tunasimama hapo hapo.

Nilisahau kitu kimoja tu. Kuondoa mstari kwenye spredishiti hakuondoi kilichokwisha kuandikwa kwenye kalenda ya simu. Tarehe tisa Desemba, tuko kwenye mahamri na mbaazi, simu ya shangazi ikapiga kengele. Akaisoma kwa mbali, mkono umenyooka kama watu wa umri wake wasomavyo.

"Leo. Hina. Ndau."

Akaweka kikombe chini. Akaenda akavaa buibui lake, akachukua kikapu.

"Waenda wapi, shangazi?"

"Simu yasema Ndau."

"Shangazi!"

"Labda ni zamu ya bwana harusi." Akatupa kikapu begani na kusimama mlangoni, hajacheka hata kidogo. "Mpigie mamake bi harusi umwambie tuko ndiani. Nami nikitafute kiatu changu."

Nikaichukua simu nikabonyeza namba. Nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla haijaita, na mama yule alipokea mlio wa kwanza.

"Hallo, nani?"

"Mimi," nikasema. "Mtoto wa fundi. Wa hina."